JE, NI HAKI KUMTESA PANYA ILI MTU APONE?



Kila mmoja wetu anajua jani au utomvu unaopakwa juu ya kidonda. Hata mfalme Hezekia alipakwa tini juu ya jipu lake. Basi watu wanatuuliza: kama majani ni zawadi ya Mungu, kuna lazima gani kuyapeleka laboratwari na kutesa wanyama?

Tutazame kazi yenyewe. Panya ananyolewa manyoya mgongoni. Anapakwa mara moja kemikali iitwayo DMBA, inayoharibu seli za ngozi. Kisha, kwa majuma mengi, anapakwa kitu cha kuchochea uvimbe. Zamani kilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa kroton. Siku hizi ni TPA, iliyotolewa ndani ya mafuta hayo hayo. (Mnaona? Mti nao unaweza kuotesha uvimbe!) Kundi moja linapewa maji ya mmea unaopimwa, lingine halipewi. Vinundu vinahesabiwa. Mwishoni wanyama wanauawa na ngozi yao inapimwa.

Tusijidanganye, hayo ni mateso. Panya hakuugua mwenyewe, ni sisi tuliomtia ugonjwa. Na Mezali 12:10 inatuhukumu juu ya uhai wa mnyama.

Lakini anayesema, "Acheni panya, tupeni dawa," huyo amekwisha kuchagua mtu awe panya. Mtu gani? Mara nyingi ni ndugu mwenye ualbino, aliyechomwa na jua, asiye na pesa ya hospitali. Yeye hakuulizwa.

Tena panya hajibu swali lote. Kuna mmea mdogo wa utomvu mweupe, Euphorbia peplus, wa ukoo mmoja na muhogo wetu. Watu waliupaka juu ya sugu na vidonda vya ngozi. Dawa iliyotolewa humo, Picato, ilikubaliwa Marekani na Ulaya mwaka 2012, kwa madoa ya jua yanayoweza kugeuka kanseri. Baadaye wagonjwa walifuatwa miaka mitatu: waliopata kanseri ya ngozi walikuwa 3.3 kwa mia, na kati ya waliotumia dawa nyingine 0.4 kwa mia. Mwaka 2020 iliondolewa Ulaya. Kama hata dawa iliyopimwa hivyo iligeuka, tuseme nini juu ya chupa ya sokoni isiyopimwa na mtu?

Kwa hiyo sisi tunakubali kazi hiyo, lakini si bure. Waanze na seli ndani ya chupa. Wanyama wawe wachache, wasiachwe katika maumivu, na jambo lililokwisha kujulikana lisirudiwe kwa ajili ya kupata diploma tu. Na wakiona vinundu vimepungua, waseme vimepungua kwa panya. Kutangaza "dawa ya kanseri imepatikana" ni uongo, na mgonjwa anayeusikia anakaa nyumbani akingoja majani, huku kidonda kidogo ambacho daktari angekikata mapema kinazidi kula uso wake.