Je, Msafiri Ana Deni la Kuaga?

Mwezi wa Aprili mwaka jana nilitumiwa kwenye simu picha ya karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Aliyeituma ni kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi na wazazi wake Salt Lake City, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Sisi ni watu wa Uvira. Vita vilitutawanya: wao walikaa kambini hapa Uganda kisha wakahamishiwa Marekani, sisi tukabaki, na leo mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili Kampala. Karatasi ile ilikuwa mpango wa safari. Kaka na rafiki zake wawili walitaka kwenda kwa siku nne kwenye makorongo ya jangwa la kusini mwa Utah, usiku walale kando ya gari, mchana watembee kwa miguu. Mstari wa mwisho ulisema: “Dada, usiponisikia kufikia Jumapili saa mbili usiku ya huku, mpigie sherifu. Usimwambie mama.”

Insha hii inatokana na mstari huo. Swali langu ni hili: mtu mzima anayekwenda mahali pa hatari kwa hiari yake, je, ana wajibu wa kimaadili wa kuaga? Na kama anao, amuage nani?

Nianze kwa kueleza mahali penyewe. Karibu na mji mdogo wa Escalante inaanzia barabara ya vumbi iitwayo Hole-in-the-Rock. Inaenda kusini-mashariki zaidi ya kilomita 80, ikifuata njia ya walowezi Wamormoni ambao mwaka 1880 walishusha magari yao ya kukokotwa na wanyama kupitia ufa wa mwamba hadi mto Colorado. Ardhi hiyo ni ya umma. Hakuna lango, hakuna bomba la maji, na sehemu kubwa simu haishiki mtandao. Mtu anaruhusiwa kulala huko bila malipo, mradi achukue kibali cha bure na alale pale ambapo wengine wamekwisha kulala, asifungue mahali papya.

Kaka alikuwa amepanga kila kitu. Aliandika lita nne za maji kwa kila mtu kwa siku, mafuta ya kwenda na kurudi, gurudumu la akiba, na mifuko ya kurudisha taka zote mjini, hata kinyesi. Aliandika kwamba wasikanyage udongo mweusi wenye vinundu, kwa sababu udongo huo uko hai: umeshikanishwa na viumbe vidogo sana, na unyayo mmoja unaweza kuacha jeraha la miaka mingi. Aliandika pia kwamba wasiingie kwenye makorongo membamba ikiwa kuna dalili ya mvua, hata kama juu yao kuna jua. Mwezi wa Agosti 1997, katika korongo la Antelope huko Arizona, watalii 11 walikufa kwa mafuriko yaliyotokana na mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa.

Nilipoisoma karatasi hiyo nilimheshimu. Hakuna askari wa kuwachunga huko. Anayekanyaga udongo ule haonwi na mtu. Sheria nyingi za mahali kama hapo zinategemea dhamiri tu. Lakini dhamiri hiyohiyo iliyouhurumia udongo ndiyo iliyoandika “usimwambie mama”. Hapo ndipo nilipoanza kusumbuka.

Mwanafalsafa John Stuart Mill, katika kitabu chake kuhusu uhuru cha mwaka 1859, alishikilia kwamba jamii haina haki ya kumzuia mtu mzima katika jambo linalomhusu yeye mwenyewe, maadamu hawadhuru wengine. Darasani wengi wetu tunaipenda hoja hiyo, hasa sisi tuliolelewa na wazee wanaotaka kujua tuko wapi kila saa. Kwa hoja hiyo, anayekwenda jangwani bila kuaga anahatarisha maisha yake tu, na maisha ni yake.

Tuipime hoja hiyo kwa mtu wa kweli. Mwaka 2003 Aron Ralston aliingia peke yake katika korongo la Bluejohn, hukohuko Utah, bila kumwambia mtu anakokwenda. Jiwe kubwa likaubana mkono wake. Baada ya siku tano aliukata mwenyewe, akatoka akitembea. Watu husimulia ujasiri wake, nami siupuuzi. Lakini helikopta iliyomchukua ilikuwa tayari inamtafuta, kwa sababu kuna watu waliogundua kwamba hayupo wakakataa kukaa kimya. Mkono ulikuwa wake. Hofu ya siku zile ilikuwa yao. Kwa hiyo sikubali kwamba jambo lile lilimhusu yeye tu.

Yuko mwingine, Everett Ruess, kijana wa miaka 20, takriban umri wangu. Mwaka 1934 aliondoka Escalante na punda wawili kuelekea makorongo hayohayo. Yeye aliaga: aliwaandikia jamaa zake kwamba huenda ukapita mwezi au miwili kabla hajafika penye posta. Lakini hakuacha njia dhahiri wala siku ya kurudi. Mwaka 1935 watu walipokwenda kumtafuta, waliwakuta punda. Yeye hakuonekana tena. Kwake ninajifunza kwamba kuaga kusiko na njia wala siku kunamwachia anayebaki kungoja tu, bila kujua aanze lini kutafuta.

Sasa nirudi kwa kaka yangu. Jumapili saa mbili usiku ya Utah ni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri kwetu. Niliamka mapema, nikaweka simu juu ya kitabu. Saa kumi na moja ikafika, kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na alfajiri ile niliusikia. Karatasi ilisema nipige. Sikupiga. Nilijiambia labda betri imeisha, labda wamesimama kula. Ukweli ni kwamba niliogopa: nikipiga kwa sherifu, habari zingefika nyumbani, na siri ingevunjika. Nilikaa hivyo saa mbili nzima.

Saa moja asubuhi nilimpigia mama mkubwa. Nilitegemea kilio. Akauliza, “Alikuaga wewe?” Nikajibu, “Ndiyo, mama.” Akanyamaza, kisha akasema, “Nisomee.” Nikamsomea karatasi mstari kwa mstari: namba ya gari, mahali pa kulala kila usiku, korongo la kila siku. Yeye ndiye aliyewapigia. Wakamjibu kwamba mchana ule mvua ilinyesha, na udongo wa barabara ile ukilowa gari haliendi. Huenda vijana wamesimama wakingoja ukauke. Kama hawangetoka kufikia saa sita mchana wa kesho yake, wangetumwa watu, na kwa kuwa gari na mahali vilijulikana, wangejua pa kuanzia.

Walitoka wenyewe Jumatatu, saa moja kabla ya muda huo. Kaka alikuwa amefanya jambo la busara: alikataa kuendesha gari kwenye tope. Hakukosea barabarani. Alikosea kwenye mstari wa mwisho wa karatasi, nami nikakosea saa mbili zile. Kama angekuwa amevunjika mguu korongoni, saa hizo zingekuwa deni langu. Anayepokea maagano ya msafiri amepokea amana, na amana hailindwi kwa kuona haya.

Kutokana na hayo nasema kwamba kuaga ni kumpa mtu haki ya kukutafuta. Ndiyo maana sioni kwamba ni jambo la adabu tu. Kama ni hivyo, wenye madai ya kwanza ni wale watakaobeba maumivu usiporudi. Kaka aligawa mambo vibaya: mimi alinipa habari, mama yake akamwachia uchungu tu.

Najua pingamizi. Kaka mwenyewe aliniambia baadaye, “Ningemwambia, angenikataza.” Hilo si jambo dogo. Mama mkubwa alilala kwenye hema kambini miaka sita. Hawezi kuelewa kirahisi mtu mwenye nyumba anayekwenda kulala nje kwa furaha. Lakini hapa tunachanganya mambo mawili. Kuaga si kuomba ruhusa. Mtoto mdogo huomba ruhusa. Mtu mzima huaga. Ikiwa vijana wanaficha safari zao, sehemu ya kosa iko kwa wazazi wanaogeuza kila kuaga kuwa katazo. Anayeagwa naye ana wajibu: aulize, aonye, kisha amwache mtu aende.

Kuna jambo moja la mwisho, nami nalisema kwa uangalifu. Usiku tulipokimbia Uvira hakuna aliyeaga. Bibi yangu alikufa akiuliza habari za jirani yake ambaye hakujua alielekea wapi. Waliokimbia hawadaiwi; walinyimwa nafasi. Lakini nikikumbuka sauti ya bibi, naona kwamba mtu mwenye nafasi, mwenye karatasi, kalamu na siku nne za amani, hana udhuru.

Mwezi wa Septemba kaka alinitumia karatasi nyingine. Mstari wa mwisho sasa una majina mawili, na la kwanza ni la mama yake. Kwenye picha niliona kwamba ile namba nne ya lita za maji imekatwa kwa wino mwingine, na pembeni, kwa mwandiko wa mama mkubwa, imeandikwa tano.