Je, Kusoma Alama za Maradhi ni Kudai Ghaibu?

Wako ndugu wanaoona kwamba tabibu atazamaye damu ya mtu mwenye afya, akamwambia maradhi yanayoweza kumfika, hana tofauti na mpiga ramli. Hoja yao si ya kudharauliwa, kwani ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu. Lakini yafaa kwanza tujue ni kitu gani kinachosomwa.

Urithi wa mwanadamu umeandikwa ndani ya chembe za mwili wake, na juu ya maandiko hayo ziko alama ndogo za kikemia ziitwazo methili. Mfano wake ni herufi na irabu: herufi ni zile zile, ila irabu zikibadilika neno husomwa vingine. Elimu hii huitwa epijenetiki. Njaa, moshi wa tumbaku na uzee huzibadili alama hizi. Waholanzi waliotungwa mimba katika njaa ya 1944 na 1945 walipimwa baada ya miaka sitini hivi, na mahali fulani alama zao zikaonekana pungufu kuliko za ndugu zao. Basi asomaye alama iliyokwisha kuandikwa asoma athari, kama mvuvi wa Kisumu asomavyo mawingu juu ya Nyanza. Na huenda mvua isinyeshe.

Hatari ni kuigeuza dhana kuwa yakini. Tazama saratani ya taya ya watoto, aliyoieleza Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Virusi vinavyohusika nayo viligunduliwa mwaka 1964, na ndani ya uvimbe hujificha kwa alama hizo hizo za methili, jeni zake nyingi zikanyamazishwa ili kinga ya mwili isivitambue. Watoto wa Kisumu karibu wote huvipata wangali wadogo, tena mapema kuliko wenzao wa milima ya Nandi ambako malaria ni haba; wapatao saratani ni wachache mno. Kumwambia mama, "Mwanao anavyo," ni kumtia hofu pasi na kumpa habari. Huko Hong Kong, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017, watu zaidi ya 20,000 walipimwa damu kutafuta athari za virusi hivyo, kwa ajili ya saratani ya nyuma ya pua. Waliorudiwa kupimwa wakaonekana nazo tena ni 309. Wenye saratani, 34. Hao 34 walinufaika, wengi wao wakiwahiwa mapema. Waliosalia, hapana shaka, walilala na wasiwasi wa bure.

Kwa hiyo, kabla ya kupima, na iulizwe: dawa ipo, na yafikika? Uvimbe wa Burkitt hukua kwa siku, si kwa miaka, nao husikia dawa upesi mtoto akiwahishwa; hapo alama itanguliayo uvimbe, ikipatikana, ina thamani kubwa kwa mama akaaye Rusinga. Penye maradhi yasiyo na tiba, mtu ana haki ya kutoambiwa. Tena habari ya damu ni amana: haifai kuingia katika posa wala katika ajira. Na malaria, iisaidiayo saratani hiyo, haingoji kubashiriwa. Chanjo yake ilianza kutolewa Homa Bay mwaka 2019, na chandarua chauzwa sokoni.