Kijana, Kitabu cha Hadithi na Bibi Jirani



Liko swali ambalo wazazi wengi huniuliza baada ya ibada, hasa wakati wa likizo vijana wanapokuwa nyumbani. Je, ni halali kijana wa Kikristo kusoma hadithi za kubuni, zenye majitu, wachawi, hazina zilizofichwa na safari za hatari? Wengine husema vitabu hivyo ni uongo mtupu, na baba wa uongo twamjua. Wengine husema ni vitabu tu, wala havimdhuru mtu. Kwa muda mrefu nami nilikuwa upande wa hawa wa pili. Lakini likizo ya mwezi wa sita mwaka jana nilipata somo ambalo limenifanya nifikiri upya, na ningependa tufikiri pamoja.

Mjukuu wangu, kijana wa miaka 13, alikuja kukaa nasi. Katika sanduku langu la vitabu alikuta kitabu kikuukuu kisicho na jalada, "Mashimo ya Mfalme Sulemani". Wazee wenzangu watakikumbuka. Kiliandikwa na Mwingereza Rider Haggard mwaka 1885, na Frederick Johnson akakitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1929, kikasomwa shuleni Tanganyika nzima. Kijana alikisoma siku mbili. Alisahau kuwanywesha mbuzi, akasahau na chakula, jambo ambalo kwake ni nadra. Usiku alikuwa bado anasoma kwa taa ya sola mpaka bibi yake alipomnyang'anya.

Siku ya tatu nilimtuma apeleke unga wa uwele kwa bibi mmoja mzee, jirani yetu, anayeishi peke yake. Kijana hakuondoka. Nilipomhimiza, alitazama chini, akasema, "Babu, nisamehe. Yule bibi amefanana na Gagool."

Kwa wasiokijua kitabu, Gagool ni ajuza mchawi katika hadithi ile, mwenye umri usiohesabika na uso uliokunjamana, na moyo wake umejaa ukatili. Nilisimama na ule unga mkononi, nisijue la kumjibu.

Basi tuanze na wale wanaosema kwamba hadithi ni uongo. Mimi nadhani neno hilo halifai hapa. Mwongo hutaka usijue kwamba anadanganya, na ukijua, kazi yake imeharibika. Lakini msimulizi husema "Hadithi! Hadithi!" nasi twaitikia "Hadithi njoo!" Hayo ni mapatano ya watu wawili, wote wakijua wanaingia mahali gani. Sungura akisema na fisi, hakuna mtoto wa Ugogo atakayekwenda porini kumtafuta sungura huyo amshitaki kwa udanganyifu.

Na Biblia yenyewe yatufundisha hivyo. Katika Waamuzi 9 Yothamu alisimama juu ya mlima akawasimulia watu habari za miti iliyokwenda kujitafutia mfalme, na miti ile ikasema kama watu. Katika 2 Samweli 12 nabii Nathani alimwendea Daudi na hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake. Maskini yule hakuwako, wala kondoo hakuwako, lakini dhambi ya Daudi ilikuwako, na hadithi ndiyo iliyoifungulia mlango. Bwana wetu naye, aliposimulia habari za Msamaria, hakuna aliyemwuliza jina la nyumba ya wageni ile. John Bunyan, aliyefungwa gerezani Bedford kwa ajili ya kuhubiri, alitoa mwaka 1678 kitabu cha msafiri anayepambana na majitu na mashetani njiani, na wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili kwa faida kubwa. Shaaban Robert, aliyepata kuwa karani wa serikali hapo Mpwapwa katika miaka ya 1940, alituandikia mwaka 1951 habari za Kusadikika, nchi iliyo angani. Hata C. S. Lewis, mlei wa Kanisa la Uingereza, aliwaandikia watoto vitabu saba kati ya mwaka 1950 na 1956, ambamo simba anasema na mchawi anatawala majira ya baridi. Tukisema kila kilichobuniwa ni uongo, itatubidi kuwatoa wengi kanisani, na Nathani atakuwa wa kwanza.

Hata hivyo kijana hana budi kufundishwa mpaka uko wapi. Mjukuu wangu aliniuliza kama mashimo yale ya almasi yamo katika Biblia. Tulifungua pamoja 1 Wafalme 9 na 10, tukaona dhahabu ya Ofiri iliyoletwa kwa merikebu. Mashimo ya almasi hatukuyaona. Haggard aliishi Afrika ya Kusini katika ujana wake, akifanya kazi ya serikali, na jina la Sulemani alilichukua kupamba hadithi yake. Kijana alisikitika kidogo, kisha akasema, "Hata hivyo ni nzuri." Nami nilikubaliana naye.

Sasa tuje kwa wale wanaosema kwamba ni vitabu tu, havimdhuru mtu. Hao nao sikubaliani nao tena. Kitabu kinachoweza kumsahaulisha kijana chakula hakiwezi kuwa kitu kisicho na nguvu.

Nilimwuliza mjukuu wangu, "Ulipokuwa unasoma, wewe ulikuwa nani?" Akajibu mara moja, "Quatermain, yule mwindaji." Nikamwuliza, "Na mzigo wako alikuwa anaubeba nani?" Akacheka, halafu akanyamaza. Katika hadithi ile Mwafrika mmoja afa akimwokoa bwana wake na tembo, na mwingine afa kwa baridi mlimani, na safari yaendelea. Ni kweli kwamba mtumishi mmoja, Umbopa, mwishoni aonekana kuwa mfalme wa haki wa nchi ile, na kijana alilipenda jambo hilo kuliko yote. Lakini wengine wanapita kama vivuli.

Hili si jambo dogo kwetu sisi tunaokaa katika nyanda hizi. Burton na Speke walipita Ugogo kuelekea ziwani mwaka 1857, na Stanley akapita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Katika vitabu vyao babu zetu ni watu wasumbufu wanaodai hongo. Lakini sisi twajua maji ya kiangazi ni kitu gani hapa. Msafara wa mamia ya watu ukinywa kisima cha kijiji, mwenye kisima ana haki ya kuuliza watoto wake watakunywa nini kesho. Msafiri aliandika kitabu, mwenye kisima hakuandika. Basi nilimsimulia kijana habari za Chuma na Susi, na Jacob Wainwright aliyemsomea Livingstone sala za maziko mwaka 1873, na jinsi wao na wenzao walivyouchukua mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo, kupitia Tabora, mpaka Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Hiyo ni safari ya hatari kupita nyingi za kubuni, na mashujaa wake ni wabeba mizigo. Kijana akauliza kitabu chake kiko wapi. Ni swali zuri kwa wale wenye kalamu.

Lakini jambo lililonichoma zaidi ni Gagool. Nilikichukua kitabu, nikamwambia kijana anionyeshe ubaya wa ajuza yule uko wapi. Akatafuta, tukafika kwenye ile ngoma kuu ya usiku. Watu wamepangwa safu kwa safu, na Gagool na wanawake wenzake wapita katikati yao "kunusa" wachawi. Kila anayeguswa auawa palepale, bila shahidi wala kujitetea. Waliouawa hawakuwa wachawi. Walikuwa watu wenye ng'ombe waliotamaniwa, au watu walioogopwa na mfalme. Mwishowe Gagool amnyoshea kidole Umbopa mwenyewe, mwenye haki ya kiti.

Nikamwuliza, "Basi ubaya wa Gagool ni uzee wake na uso wake?" Akasema, "Hapana, ni kunyoshea watu vidole." Nikamwuliza, "Na katika kijiji chetu, ni nani anayenyosha kidole, na ni nani anayenyoshewa?" Hakujibu. Machozi yalimlengalenga, nami nikaona nimesema ya kutosha.

Ndugu zangu, hapa ndipo swali lilipogeuka likanielekea mimi. Nilimwuliza kijana nani alimwambia kwamba bibi yule ni wa kuogopwa. Akasema vijana wenzake kisimani, kwa sababu ya macho yake mekundu. Na wao walisikia wapi? Kwa mama zao na baba zao. Mimi mwenyewe nimekaa mara nyingi penye mazungumzo hayo, nikanyamaza, nikajifanya sisikii kwa kuwa sikutaka ugomvi na watu. Kitabu kilimpa kijana jina tu. Hofu yenyewe aliipata kwetu.

Na jambo hili si la mchezo. Katika nchi yetu, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wazee wengi, na wengi wao wanawake, wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi alama waliyoonewa ni macho mekundu. Mwanamke aliyepika miaka 60 kwa mafiga matatu, katika jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwa ya rangi gani? Na mara ngapi nyuma ya neno "mchawi" limejificha shamba, au urithi, au deni? Amri ya tisa inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kumbe uongo tulioutafuta katika kitabu cha hadithi ulikuwa kisimani, vinywani mwetu, tena bila mapatano ya "Hadithi njoo".

Jioni ile tulikwenda wote wawili na unga wetu. Kijana alisimama mlangoni, akasema, "Mbukwa, bibi," kwa sauti ndogo. Siku ile hakuingia. Siku ya pili aliingia. Siku ya nne nilimkuta ameketi kwenye kigoda akimsimulia habari za wale wasafiri watatu waliofungiwa katika chumba cha hazina, wamezungukwa na almasi za kununua nchi nzima, na chakula chao na maji vyaelekea kwisha. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mawe hayasongwi ugali." Kisha naye akamsimulia yale aliyosimuliwa na mama yake juu ya Mtunya, njaa kuu iliyoipiga Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, majeshi yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana, na mvua nayo ikakataa. Kijana alirudi nyumbani kimya. Aliniambia kwamba hadithi ya bibi ilimtisha kuliko ya kitabu.

Siwezi kusema kwamba hofu yake yote imekwisha. Hofu iliyopandwa na watu wengi haing'oki kwa siku nne. Lakini sasa analijua jina la bibi yule na anamwita kwa jina hilo.

Basi, wazazi wenzangu, ushauri wangu ni huu. Kwanza, tusivichome vitabu. Kijana anayependa kusoma ana kipaji cha kujiweka mahali pa mtu mwingine, na kipaji hicho ni jirani wa karibu wa upendo. Pili, tusiwaache wasome peke yao. Tuwaulize: Ulikuwa nani katika hadithi? Nani alibeba mzigo? Mwovu alikuwa mwovu kwa tendo gani? Nasi tukubali kuulizwa, maana vijana watatuuliza. Tatu, tukitaka kukipima kitabu, tusiulize tu kama mambo yake yalitukia. Tuulize, kijana akikifunga, jirani yake amekuwa mkubwa au mdogo machoni pake? Na akiwa amekuwa mdogo, tusikimbilie kulilaumu karatasi kabla ya kuyakumbuka maneno yetu wenyewe.

Mimi nimetubu ukimya wangu. Juma lililofuata, mazungumzo yale yalipoanza tena kisimani, nilisema nilichopaswa kusema miaka mingi iliyopita. Wawili walinikasirikia, na mmoja hajanisalimu hadi leo. Ni gharama ndogo. Kama katika jirani yako yuko bibi ambaye watoto hupita mbali na mlango wake, nenda wiki hii, na uende na mtoto.

Mungu awabariki nyote.