Kisiwa cha Robben na Deni la Msikilizaji

Boti za watalii hung'oa nanga bandarini Cape Town mara chache tu kwa siku, kutoka gati lenye jina la Nelson Mandela. Bahari ikichafuka safari huvunjwa. Ikitulia, abiria huvuka Ghuba ya Table kwa muda unaokaribia dakika arobaini, mlima ukibaki nyuma yao, kisha hushuka kwenye kisiwa chenye ukubwa wa kilomita za mraba tano hivi. Hapo mabasi yanawangoja. Basi huwazungusha kisiwani, likipita makaburi ya wagonjwa wa ukoma, kanisa walilojengewa wagonjwa hao mwaka 1895, nyumba alimofungiwa Robert Sobukwe, na machimbo ya chokaa. Mwisho wageni hufikishwa kwenye lango la gereza na kukabidhiwa kwa mwongozaji wa pili. Huyu hakujifunza habari za gereza hilo darasani. Alifungwa humo.

Hivyo ndivyo ilivyo tangu makumbusho yalipofunguliwa Januari 1997, miaka miwili kabla ya UNESCO kukiingiza kisiwa cha Robben katika orodha ya urithi wa dunia. Waliowahi kuwa wafungwa wa kisiasa huingia na wageni katika ukumbi mkubwa walimolala kwa makumi, huwaketisha kwenye mabenchi, na kuwaeleza siku ilivyopambazuka na ilivyokuchwa. Baadhi ya wafanyakazi wa makumbusho, wakiwemo wafungwa wa zamani, wamekuwa wakiishi kisiwani humo katika nyumba zilizokuwa za askari jela. Mtu anafanya kazi pale alipoteswa, analala alipolala aliyemlinda, na kila siku anawasimulia wageni ambao hatawaona tena.

Katika mkutano huo mfupi kuna swali lililo kongwe kuliko utalii wenyewe. Anayesikia habari ya mateso kutoka kwa aliyeyapitia, anaondoka na nini, na anadaiwa nini?

Wapo wanaojibu kwa haraka kwamba hadaiwi kitu, kwani amekwisha kulipa. Asubuhi amepanda mlima, mchana yuko gerezani, jioni atapelekwa kula samaki. Kisiwa ni kipande kimoja cha siku iliyopangwa na wakala wa safari. Na wapo wanaochukizwa na mpango mzima: kwao, mateso ya watu yamewekewa bei na mzee analazimika kulitonesha donda lake ili apate mshahara. Lawama hiyo ina uzito. Mtu mwenye huruma hawezi kuipuuza.

Mafakihi wa Kiislamu walijadili jambo linalofanana na hili karne nyingi zilizopita, walipouliza iwapo mwalimu anaruhusiwa kupokea ujira kwa kufundisha Kurani. Wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataa, kwa hoja kwamba ibada haiuzwi. Waliokuja baadaye katika madhehebu hayohayo wakaruhusu, kwa kuhofia kwamba walimu wasipopata riziki watatawanyika na elimu itakatika. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, waliruhusu. Hofu iliyowasukuma Mahanafi ndiyo inayofaa kutazamwa hapa. Ujira wa mwongozaji wa Robben haununui mateso yake, kwa kuwa hayo hakuna awezaye kuyanunua. Unamwezesha kuendelea kuwapo pale ili maneno yasikatike. Tiketi inalipia kiti cha boti, dizeli ya basi na siku ya kazi ya mzee. Ushahidi wenyewe anautoa kwa hiari yake, na mgeni aliyelipa hajaumiliki.

Hiari hiyo huonekana katika yale anayochagua kuyataja. Waongozaji wengi hawaanzi na kipigo. Huanza na chakula, kwa sababu kadi ya mgawo bado ipo na wageni wanaonyeshwa: mfungwa aliyeandikwa Mhindi au chotara apewe jemu kidogo kila siku, na kwenye safu ya Mwafrika hakuna. Huja zamu ya nguo. Ahmed Kathrada, mdogo kwa umri kuliko wenzake wote wa kesi ya Rivonia, iliyomtia gerezani Mandela pia, waliopelekwa kisiwani mwaka 1964, alipewa suruali ndefu kwa kuwa alihesabiwa Mhindi. Mandela, pamoja na Walter Sisulu aliyekuwa na miaka zaidi ya 50, wakapewa kaptura, vazi la mtoto. Mgeni aliyekuja akitarajia minyororo anapewa jemu na kaptura, na pengine hapo ndipo anapoanza kuuelewa ubaguzi wa rangi kwa mara ya kwanza: mfumo ulioketi kupima hata utamu wa mkate wa mfungwa kwa rangi yake.

Kisha wanataja mpira. Wafungwa waliomba kwa miaka kuruhusiwa kucheza siku za Jumamosi, na waliporuhusiwa wakaunda chama chenye ligi, waamuzi na kumbukumbu za vikao, wakifuata sheria za FIFA. Walikiita Makana, kwa jina la kiongozi wa Waxhosa aliyefungwa hapohapo katika karne ya 19 na kuzama akijaribu kutoroka. Mwaka 2007 FIFA ilikipa chama hicho uanachama wa heshima. Mzee anayeanza kueleza mechi hizo huwa hataki kuonewa huruma. Anataka ieleweke kwamba watu wale walijitawala kabla hawajaachiwa. Kathrada naye alishikilia msimamo huo tangu kisiwa kilipokuwa bado kinajadiliwa: hakutaka kiwe mnara wa dhiki, bali ukumbusho wa ushindi wa utu dhidi ya uovu. Aliwaongoza wageni wengi humo, na mwaka 2013 alimpokea Barack Obama pamoja na familia yake.

Hata hivyo, ushahidi una mipaka yake, na kisiwa cha Robben chenyewe kinaionyesha. Sobukwe, mwanzilishi wa chama cha PAC, alimaliza kifungo chake mwaka 1963. Bunge likapitisha kifungu cha sheria cha kumzuia asitoke, akawekwa peke yake katika nyumba ndogo kisiwani hadi mwaka 1969, akikatazwa kusema na wafungwa wengine. Walipopita karibu naye wakienda kazini, aliokota udongo na kuuachia umiminike kati ya vidole vyake. Ndiyo ilikuwa salamu yake. Alifariki mwaka 1978, miaka kumi na tisa kabla ya boti ya kwanza ya makumbusho. Basi la watalii hupita kwenye nyumba hiyo, mwongozaji akataja sheria na miaka, lakini mwenye habari hayupo. Primo Levi, Mtaliano aliyetoka hai Auschwitz, aliandika mwaka 1986 kwamba walionusurika si mashahidi kamili, kwa kuwa walioingia hadi chini kabisa hawakurudi kusimulia. Mzee aliye mbele ya mabenchi anajua hilo kuliko msikilizaji wake yeyote. Anaposema "sisi", ndani ya neno hilo wamo watu ambao hawezi kuwasemea, na bado hana budi kuwataja.

Kwa hiyo mgeni yuko wapi katika mnyororo huu wa wanaosimulia na wanaosikia? Si shahidi wa mateso, hakuyaona. Kupiga picha ya chumba cha Mandela kupitia nondo, chumba kisichofika mita mbili na nusu kwa urefu, hakumwongezei ushahidi, ijapokuwa hapo ndipo msongamano huwa mkubwa kuliko pengine pote. Mandela alikaa kisiwani miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, na wageni wengi huvuka bahari kwa ajili ya mlango huo mmoja. Wanaposukumana kuukaribia, yule aliyekuwa akiwaeleza kuhusu ukumbi wake wa makumi ya watu husimama pembeni akingoja. Hiyo ni hasara, kwa sababu mlango utakuwapo miaka mia ijayo, na yeye hatakuwapo.

Jibu lililo bora linaweza kupatikana kwa wanazuoni wa hadithi za Mtume. Wao hawakuridhika na maneno mazuri. Waliuliza yamepitia kwa nani. Je, huyu alikutana na yule anayemnukuu? Alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake ilikuwa imara? Mpokezi wa nne hakujifanya wa kwanza, na wala hakudharauliwa kwa kuwa wa nne: alikuwa na kazi mahsusi, kusema alichosikia, kutoka kwa nani, bila kuongeza chumvi. Mtalii aliyekaa saa tatu na nusu kati ya boti, basi na gereza anapewa nafasi ya namna hiyo. Akirudi kwao anaweza kusema kwa haki kwamba alimsikia aliyekuwepo, na kwamba alimwambia kuhusu jemu. Hayo yanatosha, ila lazima yawe sahihi. Akianza kueleza alivyohisi baridi ya ukuta wa gereza, mnyororo umekatika kwake, kwa sababu amejiweka mahali pa shahidi.

Hili si wazo geni kisiwani. Mwaka 1780 Waholanzi walimpeleka Cape Town mwanazuoni kutoka Tidore, Abdullah bin Kadhi Abdussalaam, aliyejulikana kama Tuan Guru, na kumfunga Robben. Inasimuliwa kwamba aliandika Kurani nzima kwa kumbukumbu akiwa kifungoni. Alipoachiwa alifungua madrasa katika eneo la Bo-Kaap, na msikiti wa Auwal unaohusishwa naye ndio wa kwanza nchini Afrika Kusini. Waholanzi walimnyang'anya nchi yake, lakini kilichokuwa kifuani hakikuweza kunyang'anywa, na waliosoma kwake wakakipeleka mbele ingawa hawakuwahi kufungwa kisiwani. Karibu na gereza lenyewe lipo pia kaburi la Sayed Abdurahman Moturu, lililojengewa mwaka 1969, ambalo Waislamu wa Cape Town wangali wakilizuru. Wao huvuka maji yaleyale na watalii, lakini wamebeba dua.

Muda unabana. Kathrada alifariki Machi 2017. Andrew Mlangeni, wa mwisho kati ya waliohukumiwa Rivonia, alifariki Julai 2020. Wafungwa wa mwisho wa kisiasa waliondoka kisiwani mwaka 1991, maana yake ni kwamba hata kijana wa wakati huo sasa ni mtu wa makamo aliyesonga. Siku itafika ambapo lango litafunguliwa na mtu aliyesoma tu. Kanda za sauti na video zitasaidia, lakini kanda haiwezi kuulizwa swali, wala haiwezi kunyamaza kwa sababu imeona msikilizaji hayuko tayari. Waongozaji vijana watakaochukua nafasi hiyo wanapaswa kufundishwa jambo moja kabla ya tarehe na majina: kumtaja kila mara aliyewaambia.

Mwaka 1995 wafungwa wa zamani zaidi ya elfu moja walikutana kisiwani. Mandela aliweka jiwe kwenye mlango wa machimbo ya chokaa, walimokuwa wakivunja mawe huku mwanga na vumbi vikiwaharibu macho, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Rundo hilo lipo hadi leo na mabasi husimama mbele yake. Halina maandishi. Bila mtu wa kueleza, ni mawe tu.

Na Watanzania hawako nje ya habari hii. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na Kongwa, mkoani Dodoma, palikuwa na kambi za wapigania uhuru. Wapiganaji wa chama cha SWAPO waliotokea Tanzania walishambuliwa Omugulugwombashe, Namibia, mwezi Agosti 1966. Waliokamatwa walihukumiwa Pretoria, na wengi wakaishia Robben. Mtu aliyeonekana sokoni Kongwa mwaka 1965 huenda ndiye aliyelala katika kumbi ambazo leo watalii huketishwa. Mazimbu, Morogoro, ilipokuwa shule ya ANC, chama cha Mandela, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine wanasoma jirani na makaburi ya wakimbizi wa chama hicho.

Kongwa hakuna foleni ya mabasi ya watalii. Wapo wazee waliokuwa vijana wakati ule, na wa umri mdogo kabisa kati yao wamekaribia miaka 75 au wameipita. Maswali ya kuwauliza ni mepesi: wageni wale walinunua nini dukani, walizungumza lugha gani na watoto, nani aliugua, nani alizikwa na wapi. Anayekwenda kuuliza abebe daftari, na pembeni ya kila jibu aandike jina la mzee aliyelitoa, kisha aandike kama mzee huyo aliona mwenyewe au alisimuliwa.