Bei ya Mafuta

Kuna swali ambalo mwanamume wa umri wangu hategemewi kuliuliza, nalo ni hili: mtu anaweza kutumia fedha kiasi gani kwa ngozi na kucha zake bila kuwa amewapunja wanaomtegemea? Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, alicheka hadi akakohoa nilipomweleza kwamba nataka kuandika habari za mafuta ya kujipaka. Aliniambia hayo ni mambo ya mabinti. Mimi sioni hivyo. Ngozi ndiyo watu huiona kwanza, na katika miaka 38 niliyofundisha, ambayo 19 kati yake nilikuwa mwalimu mkuu, nimeona watoto wengi wakihukumiwa kwa ngozi zao kabla hawajafungua kinywa.

Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro tunalijua vizuri neno kupauka. Miezi ya Juni na Julai baridi hushuka, upepo hukausha, na mguu wa mtoto hugeuka rangi ya majivu. Ukiukwaruza kwa ukucha unabaki mstari mweupe kama wa chaki ubaoni. Visigino hupasuka vikafanya magaga. Kupauka hakukuwa udhia wa mwili tu, kulikuwa ushahidi. Mtoto aliyepauka alionekana kama hana mwenyewe, na mama yake alisemwa huko mtoni walikochota maji. Ndiyo sababu mama yangu, ambaye mara nyingi hakuwa na fedha ya chumvi, hakukosa mafuta ya nyonyo. Jumapili asubuhi alitupanga mstari, akatupaka usoni, magotini, hata nyuma ya masikio, tena kwa nguvu, kana kwamba anasugua sufuria. Tulikwenda kanisani tuking'aa na kunuka nyonyo, na mtu yeyote aliyetutazama alijua kwamba tuna wenyewe.

Baadaye yalienea mafuta ya mgando. Haya hutokana na mafuta ghafi ya petroli, na Robert Chesebrough aliyapatia hataza nchini Marekani mwaka 1872. Hayailishi ngozi chochote, kinyume na wanavyodhani wengi. Kazi yake ni kuziba: hutanda juu ya ngozi na kuyazuia maji yaliyomo yasipotee hewani. Kwa hiyo anayejipaka angali na unyevunyevu wa kuoga hufaidi kuliko anayejipaka akiwa mkavu. Gliserini nayo hufanya kazi nyingine, huvuta maji. Tangu enzi hizo maduka yamejaa chupa za kila namna, lakini ukivaa miwani ukasoma maandishi madogo ya nyuma ya chupa, mara nyingi utawakuta hao hao wawili, mzibaji na mvutaji, wamevaa nguo mpya.

Nilipata nafasi ya kulipima jambo hili mwenyewe. Binti yangu aliyeolewa Nairobi alituletea krimu katika kichupa cha kioo kizito, kidogo kama kile cha wino tulichokuwa nacho shuleni. Nilipomdadisi bei alikwepa. Mume wake ndiye aliyeniambia, na kwa fedha yetu ilizidi shilingi 140,000. Kopo la mgando kwa jirani yetu mwenye duka lilikuwa shilingi 2,000. Basi nikafanya kama tulivyofundishwa katika Chuo cha Ualimu Marangu mwaka 1971, kwamba jambo likibishaniwa darasani lisiamuliwe kwa sauti kubwa. Kwa wiki sita, tena katika baridi ya Julai, nilipaka mgando mkono wa kulia na krimu mkono wa kushoto. Mke wangu alisema sasa nimezeeka kweli.

Mkono wa kushoto ulinukia vizuri na haukushika vumbi. Wa kulia ulinata, na mara mbili uliacha alama ya mafuta kwenye gazeti. Katika jambo lililokuwa likishindaniwa, yaani kupauka na kupasuka, sikuona tofauti, na mke wangu ambaye ana macho mazuri kuliko mimi hakuiona pia. Nilimweleza binti yangu hivyo, maana sikumlea kwa kumdanganya. Naye akanijibu jambo ambalo nimekuwa nikilifikiri tangu siku hiyo. Alisema: "Baba, katika nyumba yetu tulikuwa watu tisa na kopo moja. Mama hajawahi kujipaka kitu ambacho hakugawana na mtu. Nilitaka awe na kitu chake peke yake."

Hapo hoja yangu ya wiki sita ilipata mpinzani wa maana. Ni kweli kwamba ubahili huweza kuvaa joho la busara, na kwamba wanaume wengi wa rika langu wanaosema urembo ni anasa hawajapata kuhesabu wametumia kiasi gani kwa pombe na redio. Mtu aliyegawana maisha yake yote ana haki ya kitu kimoja kisichogawanywa. Lakini je, ni lazima kitu hicho kigharimu shilingi 140,000? Nilimwambia kopo la pili la mgando lingetosha. Alicheka, ila si sana.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba nasema cha bei nafuu ndicho cha haki daima. Yuko mtu mmoja ambaye hunizuia kusema hivyo.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, na miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mtoto mwenye ualbino. Wazee watakumbuka miaka hiyo. Sabuni ilikuwa haipatikani, na kipande cha sabuni ya kufulia kilipokelewa kama zawadi ya harusi. Mama wa mtoto yule alifanya alivyoweza. Alimshonea shati la mikono mirefu, akamfunga kitambaa shingoni, na kila asubuhi alimpaka mafuta ya mgando mengi hadi uso ukameremeta. Alimpenda kwa njia ile ile ambayo mama yangu alitupenda sisi. Lakini mgando haukingi jua. Kile kilichotutosha sisi wengine kwa sumni hakikumsaidia kitu. Alichohitaji ni mafuta ya kukinga jua, na hayo hayakuwa katika duka lolote tulilolijua, na hata kama yangekuwapo, mama yule asingeweza kuyanunua kwa mauzo ya ndizi.

Alikuwa hodari wa hesabu. Alimaliza darasa la saba, akawa karani wa chama cha ushirika. Kidonda kilianza juu ya sikio, akakifunika kwa kofia, halafu kikaingia shingoni. Alifariki mwaka 2006 kwa saratani ya ngozi, akiwa na miaka 31.

Pale KCMC mjini Moshi, mwendo usiozidi saa moja kwa gari kutoka kwetu, kulikuwa tayari na chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimewafunza waganga kutoka nchi nyingi za Afrika. Miaka michache baada ya kifo chake, mahali hapo hapo yalianza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, yakatolewa bure kwa watu wenye ualbino. Nimeyashika mkononi. Chupa yake ni nyeupe, ya kawaida, haina mapambo. Ukienda kwenye maduka makubwa ya Dar es Salaam utaona mafuta ya kazi hiyo hiyo yamepangwa kwenye rafu ya vipodozi, kati ya manukato na rangi za midomo, kwa bei ya kumfanya mwalimu arudi nyuma hatua mbili. Mpita njia atasema hiyo ni anasa ya matajiri. Kwa karani yule ingekuwa miaka mingine 30 ya kuhesabu magunia ya kahawa. Rafu moja, chupa moja, na jina la anasa linategemea ni mkono wa nani unaoinyoosha kuitwaa.

Nije sasa kwenye mkorogo, maana hakuna atakayenisamehe nikiupita. Oktoba 1968, nikiwa mwanafunzi wa sekondari, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1969. Sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua vilipigwa marufuku. Wasichana walizomewa na kusumbuliwa mitaani. Sikumbuki kusikia kwamba mwanamume yeyote alisumbuliwa kwa kosa la kusema msichana mweupe ndiye mzuri. Na kwa kuwa maneno hayo yaliachwa salama, mafuta nayo yalirudi.

Mwalimu mmoja kijana alipangiwa shule yetu miaka ya tisini. Katika muhula mmoja uso wake ulibadilika ukawa wa manjano, ila vifundo vya vidole vilibaki vyeusi, kwani hivyo ni vigumu kudanganya. Baada ya miaka miwili madoa meusi yenye kuelekea rangi ya samawati yalimzunguka macho. Hakuweza kusimama mstarini jua likiwaka, wala kukaa karibu na moto wa jikoni. Mke wangu alimketisha akamweleza madhara. Akakuta binti yule anayajua yote. Alijua habari za zebaki na figo, alijua kwamba hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huiharibu ngozi ikawa nyeusi kuliko ilivyokuwa. Alisema tu kwamba mama wa mchumba wake alikuwa amemtazama siku ya kwanza, akamwambia mwanawe, "Huyu naye umemtoa wapi?"

Kwa hiyo ninaposikia watu wakidai kwamba elimu itamaliza mkorogo, nanyamaza kidogo, mimi niliyekula mshahara wa elimu. Mataifa yalikubaliana mwaka 2013, katika Mkataba wa Minamata, kuondoa vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2020, na hilo ni jema. Lakini makopo yanaendelea kupita mipakani, kwa sababu kile yanachokiuza hakimo ndani ya kopo. Yako ya bei ya soda mbili, na ziko sindano za kujichubua ambazo bei yake hununua pikipiki. Tofauti ya fedha haikuleta tofauti ya jambo. Wapo wanaosema, ngozi ni yangu, nifanye nipendavyo. Hoja hiyo naiheshimu, nami nisingependa serikali ije kunipima rangi. Ila namwuliza anayeitoa: iwapo ni yako, mbona unailipia ili imridhishe mwingine? Mama yangu alitupaka nyonyo ili ngozi yetu ionekane. Binti yule alijipaka ili yake isionekane.

Kuhusu kucha nitasema machache, ingawa pengine ndiko ninakokujua zaidi. Shuleni tulikagua kucha kila Jumatatu, na haikuwa kwa ajili ya urembo. Mayai ya minyoo hukaa chini ya kucha na kuingia mdomoni na ugali. Siku hizi mijini wako vijana wa kiume wanaopita nyumba kwa nyumba na vikapu vya rangi, huosha miguu ya akina mama, husugua magaga kwa jiwe, hukata kucha na kuzipaka rangi kwa fedha kidogo. Nimesikia mahubiri mengi juu ya aibu ya mwanamume kushika mguu wa mke wa mtu. Mimi naona kijana anatafuta riziki kwa mikono yake. Kinachonitisha ni kwamba chombo kile kile kilichomkata huyu kidogo akatoka damu huingia kwa yule wa nyumba ya pili bila kuonja maji ya moto. Dada yangu ana kisukari. Alikatwa pembeni mwa kidole gumba cha mguu na mmoja wao, na kwa kuwa miguu yake ina ganzi hakusikia kitu. Wiki ya tatu hospitali ikakiondoa kidole.

Sasa mkwe wake humpeleka saluni ya ghali mjini, ambako vyombo huchemshwa kwa mtambo wa mvuke mbele ya macho yake. Hapo nakubali kwamba bei inanunua kitu. Lakini sufuria ya maji yanayotokota inahitaji mkaa wa shilingi mia chache tu, na kijana mwenye kikapu angeweza kumiliki seti mbili za vyombo, moja ikiwa jikoni. Nimemweleza hivyo anayepita mtaani kwetu. Alisema wateja hawataki kuongeza hata shilingi 200. Basi sehemu ya lawama nimeihamishia kwa wateja.

Mimi nami nina kisukari tangu 2015. Muuguzi wa kliniki alinielekeza kuitazama miguu yangu kila usiku, hata nyayo, kwa kioo. Kuinama siwezi tena, hivyo mjukuu wangu wa miaka 16 ndiye anikataye kucha, kwa mstari ulionyooka bila kuzungusha pembeni. Kisha hunipaka mgando visiginoni na kwenye nyayo, akiacha katikati ya vidole, maana unyevu ukikaa pale huleta fangasi. Kikata kucha tulikinunua shilingi 1,500. Kimefungwa uzi mwekundu na kina kisahani chake, na hata mke wangu haruhusiwi kukiazima.