Ujira wa Mlezi

Je, ni haki kumsifu mtu kwa moyo wa kujitolea, ili tupate sababu ya kutomlipa?

Mwaka 2015, mpango wa EQUIP-Tanzania ulianza kuwaandaa watoto wa mikoa kadhaa, Shinyanga ikiwamo, waingie shule wakiwa tayari. Wengi walisema Kisukuma nyumbani; Kiswahili kilikuwa kigeni kwao. Waliowavusha kwa hadithi na michezo walikuwa wanakijiji wenzao, waliopewa mafunzo mafupi pasipo ajira. Kazi hiyo si ndogo. Mtoto asiyeelewa lugha ya mwalimu hunyamaza, na anyamazaye hudhaniwa mzito wa akili.

Wako wasemao kwamba kujitolea ndiyo mila yetu. Sivyo kabisa. Usukumani, majirani walioitwa kulima shamba la mwenzao walikula na kunywa kwake, na zamu yao ilipofika naye alishika jembe. Mlezi wa leo, nani humlimia?

Huko Geita mchimbaji mdogo hupima dhahabu yake kwa gramu, wala hakubali chembe ipotee. Mama anayemlelea mwanawe hana mzani. Akipata kibarua cha kuponda mawe ataondoka, na sioni wa kumlaumu. Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima. Lazima hiyo humfunga mzazi amlete mtoto. Sisi wengine tumefungwa na nini kwa yule anayempokea mlangoni?