Mtandao umekataa, lakini nani aliyekataa?

Siku hizi kuna jibu moja lisilo na mwenyewe. Ukienda benki unapewa, ukienda kwa wakala wa simu unapewa, ukienda ofisi ya serikali unapewa: "mtandao umekataa." Anayelitoa mara nyingi hana ubaya na wewe. Anakugeuzia kioo cha kompyuta ujionee mwenyewe, anatikisa kichwa, kisha anamwita aliye nyuma yako kwenye foleni. Ugombane naye vipi, wakati si yeye aliyekataa? Na ugombane vipi na kompyuta, wakati haina masikio? Hebu basi tujiulize: ikiwa karani hakukataa, na mashine haina nia ya kukataa wala ya kukubali, ni nani hasa aliyekataa?

Wapo watakaosema hili ni swali la watu wenye nafasi. Mtu wa Dar es Salaam akikataliwa leo atarudi kesho, au atakwenda kwa wakala mwingine mtaa wa pili. Lakini lipeleke swali hilo Kasulu au Kibondo, kule nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, ndipo utakapouona uzito wake.

Wilaya hizi zimepakana na Burundi. Wenyeji wake ni Waha, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Majina yanafanana, na watu walioana na kutembeleana tangu kabla Waingereza na Wabelgiji hawajagawana iliyokuwa koloni ya Wajerumani. Kisha yakaja mawimbi ya wakimbizi. Walikuja Warundi mwaka 1972, wakaja tena 1993. Mwaka 1996 wakaja Wakongo, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu. Mwaka 2015 Warundi wakaja kwa mara nyingine, hata kambi ya Nduta huko Kibondo, iliyokuwa imefungwa, ikafunguliwa upya.

Matokeo yake ni kwamba watu wa sura moja, lugha moja na majina yale yale wanatenganishwa na maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta. Kuna kumbukumbu za wakimbizi zinazotunzwa na serikali pamoja na shirika la UNHCR, zenye picha, alama za vidole na mboni za macho. Na kuna kumbukumbu za NIDA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2008, ambamo raia anatengwa na mgeni mkaazi na mkimbizi. Zamani mzee wa kijiji aliulizwa, "huyu ni mtoto wa nani?" naye akajibu. Sasa kinachoulizwa ni kidole.

Uzito wa jambo hili ulionekana nchi nzima tarehe 1 Mei 2019, ulipoanza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho ulipangwa kuwa tarehe 31 Desemba mwaka huo, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Bila namba ya NIDA hakuna laini, na bila laini hakuna kutumiwa pesa na mtoto aliyeko mjini. Na ili upate namba ya NIDA, ilibidi kwanza uthibitishe uraia. Malalamiko ya watu wa Kigoma kwamba wao huulizwa uraia kuliko wenzao wa mikoa ya ndani yamesikika hata bungeni, tena si mara moja.

Sasa tuitazame hiyo mashine inavyofanya kazi, maana wengi wetu tunaidhania kuwa inajua. Mashine haimjui mtu. Inachukua mistari ya kidole, inaigeuza kuwa hesabu, kisha inalinganisha hesabu hiyo na ile iliyohifadhiwa. Hazilingani moja kwa moja hata siku moja, kwa sababu kidole hakiwekwi sawasawa mara mbili. Kwa hiyo ni lazima mtu aamue kiwango: zikifanana kiasi hiki, kubali, zikipungua hapo, kataa. Kiwango kikiwekwa chini, atapita asiye mwenyewe. Kikiwekwa juu, atakataliwa mwenyewe halisi. Hakuna kiwango kinachoondoa makosa yote mawili.

Na ni nani anayekataliwa zaidi kiwango kikiwa juu? Si karani wa benki mwenye vidole laini. Ni mkulima wa maharage na muhogo wa Kasulu, ambaye mpini wa jembe umefuta mistari ya vidole vyake kwa miaka arobaini. Ni bibi kizee, ambaye umri umefanya kazi hiyo hiyo.

Kumbe basi aliyekataa ni mtu. Kuna aliyeamua kiwango, akiwa ofisini mbali na Kibondo. Kuna aliyeandika programu isiyo na njia ya pili kwa mwenye kidole kilichofutika. Kuna mkuu wa ofisi aliyesema karani asifanye lolote mashine ikikataa. Na kuna karani aliyeona, akajua kwamba huyu ni mama fulani, jirani yake, akanyamaza. Dhulma imegawanywa vipande vidogo vidogo hata kila mmoja anajiona hana fungu. Je, dhulma ikigawanywa inakwisha?

Tuwe waadilifu. Mashine hizi hazikuletwa bure. Karani wa karatasi alihongwa. Majina hewa yaliandikwa na kadi za chakula ziliuzwa, na mwenye kuumia alikuwa mnyonge aliyekosa cha kumpa karani. Mashine haipokei bahasha, wala haiulizi wewe ni kabila gani au unaswali msikiti upi. Dola nayo ina haki ya kujua nani ni raia wake. Anayetaka tuzivunje kompyuta turudi kwenye madaftari yaliyoliwa na mchwa hatutakii heri.

Ugomvi wetu uko mahali pengine. Katika sheria yetu ya Kiislamu, na hata katika sheria za nchi, mzigo wa ushahidi yuko nao anayedai. Shahidi naye lazima ajulikane uadilifu wake, na aweze kuulizwa: ulikuwa wapi, uliona nini, umejuaje? Lakini mashine imepewa cheo cha shahidi asiyeulizwa. Ikisema "hapana," mzigo unageuzwa, na bibi wa Kibondo ndiye anayetakiwa athibitishe kwamba yeye ni yeye. Athibitishe kwa nini, ikiwa mwenye kupokea uthibitisho ni mashine ile ile iliyomkana?

Anayeona tunatia chumvi na atazame Garissa, kwa jirani zetu wa Kenya. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, kambi za Dadaab zilijengwa kupokea Wasomali waliokimbia vita. Wakenya wa Kisomali waliokuwa wakiishi jirani, nao wakiwa na njaa ya ukame, baadhi yao waliandikisha familia zao ili wapate mgao na shule. Miaka ikapita. Watoto walioandikishwa wakiwa wadogo wakafika umri wa miaka 18, wakaenda kuomba vitambulisho vya taifa. Kompyuta ikasema: vidole hivi ni vya mkimbizi. Maelfu walikaa miaka bila kitambulisho katika nchi waliyozaliwa, na bila kitambulisho hakuna kazi ya ofisini, hakuna akaunti ya benki, hata safari ya kupita vizuizi vya barabarani ni mtihani.

Mtasema wazazi wao walikosea. Haya, na mtoto aliyebebwa mgongoni alikosea nini? Kidole kilitolewa kwa ajili ya unga na mafuta, kikaja kutumika kuamua uraia. Mafakihi wanapozungumzia amana wanasema mwenye kuwekewa halipi kikiharibika bila uzembe wake. Lakini akikitumia kwa jambo jingine bila idhini ya mwenyewe, dhamana inakuwa juu yake. Kidole cha mtu ni amana.

Wala msidhani hili ni la Waafrika maskini tu. Uingereza, shirika la posta liliweka programu ya hesabu iitwayo Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Programu ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 wasimamizi wa posta ndogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba kulipa deni la uongo, na wapo waliofariki kabla majina yao hayajasafishwa. Sheria ya nchi ile ilichukulia kwamba kompyuta iko sahihi mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Alan Bates na wenzake 554 walifungua kesi, na mwaka 2019 Jaji Fraser akaamua kwamba programu ile ilikuwa na kasoro. Mwaka 2024 ndipo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Na katika uchunguzi ilibainika kwamba kasoro zilijulikana ndani ya ofisi miaka mingi kabla. Waliojua walinyamaza, na mashine ikaendelea kutoa ushahidi wa uongo.

Hapo ndipo penye somo kwa vijana wetu wanaosomea kompyuta kwa wingi siku hizi. Wengi huuliza kama kazi ya benki ya riba ni halali, na hilo ni swali zuri. Lakini ni wangapi wanauliza: programu ninayoiandika, ikimkataa mtu mwenye haki, nimemwachia mlango gani wa kurudi? Mwandishi wa programu ni kadhi asiyewaona anaowahukumu. Tuliyofundishwa kuhusu hukumu ni kwamba kukosea katika kusamehe ni afadhali kuliko kukosea katika kuadhibu. Basi na anayepanga kiwango cha kidole alikumbuke hilo anapoandika namba yake.

Na sisi tulio upande wa foleni tusikae kimya. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizotunzwa, haki ya kuomba zirekebishwe, na haki ya kuhoji uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Ni wangapi misikitini kwetu wanaijua? Imamu anayewaeleza waumini wake namna ya kuandika barua ya kudai haki hiyo amewasaidia wanyonge kuliko anayewahurumia kwa maneno.

Karani naye asijifiche nyuma ya kioo. Akiambiwa na mashine "hapana," na aandike kwa mkono wake: nimemkataa fulani, kwa sababu hii, jina langu ni hili, na akakate rufaa mahali hapa. Asiyekubali kuweka jina lake chini ya uamuzi huo, basi ajue moyoni mwake kwamba hauamini. Na ikiwa yeye hauamini, kwa haki gani anamrudisha nao mama wa watu kijijini?